Anguko la Meya Jukwaani: Kicheko, Pingu na Ukimya katika Mkaguzi Mkuu wa Serikali na Mstahiki Meya

Tamthilia ya tashtiti inayosawiri kuporomoka kwa kiongozi ina tatizo moja la utendaji ambalo msomaji wa kitabu anaweza asilione. Msomaji akifika ukurasa wa mwisho hufunga kitabu, na kiongozi hutoweka pamoja nacho. Hadhira iliyoketi ukumbini haina nafasi hiyo. Mtu aliyekuwa mkubwa dakika chache zilizopita bado amesimama mbele yake, maleba ya cheo yakiwa bado mwilini, na mwongozaji hana budi kuamua afanywe nini: aondolewe na askari, aachwe peke yake, au abaki pale pale mpaka mwisho. Uamuzi huo, ambao wahakiki wengi huuona kuwa wa kiufundi tu, ndio unaoamua kama tamthilia imemcheka mtu mmoja au imeucheka utawala uliomlea.

Tatizo hilo linachunguzwa hapa kwa kuzitazama tamthilia mbili. Ya kwanza ni ya Nikolai Gogol, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza mjini Petersburg mwezi Aprili 1836, na ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu kwa tafsiri ya mwaka 1979 iitwayo Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Ya pili ni Mstahiki Meya ya Timothy Arege, iliyochapishwa mwaka 2009 na kusomwa kwa miaka kadhaa katika shule za sekondari za Kenya. Hakuna haja ya kudai kwamba mtunzi wa pili alimfuata wa kwanza. Inatosha kwamba tamthilia zote mbili zina mji mmoja, meya mmoja, huduma zilizooza, na ugeni unaosubiriwa kwa hofu. Zinatofautiana katika namna ya kumwangusha meya, na tofauti hiyo ina uzito kuliko mfanano wote.

Gogol hakuhitaji askari kumwangusha meya wake. Anton Antonovich si mjinga. Ana miaka 30 katika utumishi, na anajigamba kwamba amewahi kuwahadaa magavana watatu. Kinachomwangusha ni woga. Habari ya kwamba mkaguzi anakuja kwa siri inapofika, kila afisa wa mji anaanza kuikagua dhambi yake mwenyewe kabla hajakaguliwa na mtu. Fedha za kujenga kanisa zililiwa, na meya anawaagiza wenzake waseme kwamba jengo lilianza kujengwa likaungua. Hofu hiyo ndiyo inayomvisha Khlestakov joho la ukaguzi, naye ni karani mdogo tu aliyekwama katika nyumba ya wageni kwa kukosa pesa za chakula. Khlestakov hasemi kwamba yeye ni mkaguzi. Anasemewa. Anapewa fedha kwa jina la mkopo, anakaribishwa nyumbani kwa meya, anachumbia binti wa meya, kisha anaondoka.

Tukio la barua ndilo shule kubwa ya utendaji katika tamthilia hii. Msimamizi wa posta, ambaye kufungua barua za watu ni mazoea yake, anakuja na barua ya Khlestakov kwa rafiki yake wa Petersburg, na barua inasomwa mbele ya wageni waliokuja kumpongeza meya kwa uchumba wa binti yake. Kila msomaji anasoma kwa furaha matusi wanayotukanwa wenzake. Akifika yanapomhusu yeye, anasita, anadai mwandiko hausomeki, na mwingine anaipokonya barua na kuendelea. Hapa hadhira inafundishwa bila kuambiwa. Kicheko kinapita mkono kwa mkono kama barua yenyewe, na kila anayecheka anajua zamu yake haiko mbali. Ndiyo maana meya anapogeuka na kuwatupia watazamaji ukumbini swali la wanachokicheka, katika matini ya mwisho iliyochapishwa mwaka 1842, swali hilo halisikiki kama hila ya mtunzi. Barua imekosa mtu wa kuipokea jukwaani, nayo imevuka kwenda kwa waliokaa vitini.

Kisha anaingia askari, lakini hakuja kumkamata mtu. Anatangaza kwamba ofisa aliyetumwa kutoka Petersburg kwa amri ya mfalme amewasili na anamwita meya. Watu wote wanaganda. Maelekezo ya jukwaani yanataka meya asimame katikati kama nguzo, mikono imetanuliwa na kichwa kimetupwa nyuma, na tukio hilo bubu lidumu karibu dakika moja na nusu. Muda huo ni mrefu mno jukwaani. Ukumbi unaweza kucheka kwa sekunde 10. Baada ya hapo kicheko kinakosa chakula, na mtazamaji anabaki na miili isiyosema chochote.

Waigizaji wa 1836 hawakuuelewa muda huo. Walikuwa wamezoea michezo myepesi ya vichekesho, na Gogol alitoka katika onyesho la kwanza akiwa amekasirika, hasa kwa jinsi Khlestakov alivyogeuzwa kuwa mwongo wa kawaida wa jukwaani. Ilibidi ipite miaka 90 kabla ya Meyerhold, mjini Moscow mwezi Desemba 1926, kulichukua agizo la Gogol kwa ukali kuliko Gogol mwenyewe: katika tukio la mwisho waigizaji hawakuwapo tena, na mahali pao palisimama wanasesere wenye kimo cha binadamu. Wapo walioona huo ni ujeuri wa mwongozaji. Hata hivyo, Meyerhold aligusa kiini cha jambo: meya aliyeanguka hana kitu ndani yake cha kuonesha, kwa kuwa kila alichokuwa nacho kilikuwa cheo.

Pamoja na sifa hizo, mwisho wa Gogol una mlango ulioachwa wazi, na mtawala aliuona mlango huo mapema. Tamthilia iliruhusiwa kuoneshwa kwa idhini ya Mfalme Nikolai wa Kwanza mwenyewe, naye alihudhuria onyesho la kwanza na kucheka. Angekosaje kucheka? Mkaguzi wa kweli anayebisha hodi mwishoni ametumwa naye. Kwa mtazamaji aliyekaa katika kiti cha kifalme, tamthilia inasema kwamba wilaya imeoza na makao makuu ni safi. Miezi michache baadaye mwaka ule ule, mwungwana mmoja aitwaye Tsitsianov aliandika mwendelezo ambamo mkaguzi wa kweli anajitokeza, wakosaji wanaadhibiwa, na mambo yanarudi mahali pake. Mwendelezo huo umesahauliwa, na haki yake. Lakini unathibitisha kwamba hata ukimya wa dakika moja na nusu unaweza kusomwa kama ahadi ya adhabu, na kwamba wapo watazamaji wasioweza kutoka ukumbini bila kuiona adhabu hiyo.

Gogol mwenyewe alikuja kuogopa kicheko chake. Mwaka 1846 aliandika ufafanuzi wa kidini ambamo mji ni roho ya mtu, maafisa ni tamaa zake, na mkaguzi wa mwisho ni dhamiri. Shchepkin, mwigizaji mashuhuri aliyekuwa amemwigiza meya mjini Moscow, alikataa. Alimwandikia kwamba amekwisha kuishi na maafisa wale kama watu hai, na hayuko tayari kunyang'anywa. Katika mabishano hayo haki iko kwa mwigizaji. Meya akigeuzwa kuwa tamaa ndani ya kifua cha kila mtu, hakuna tena aliyekula fedha za kanisa.

Cheneo, mji wa Mstahiki Meya, ni mji wa aina nyingine. Meya Sosi amezungukwa na madiwani wanaomsifu na rafiki, Bili, anayemshauri namna ya kujinufaisha. Hospitali haina dawa, wafanyakazi wa baraza hawalipwi inavyostahili na wanagoma, taka zinarundikana, na wageni wanatarajiwa. Tofauti na mji wa Gogol, Cheneo ina watu wanaoona na kusema: Daktari Siki anayemkabili meya kwa hoja, na Diwani wa Tatu anayetoa ushauri usiosikilizwa. Sosi anaanguka kwa sababu walio chini wamekataa kuendelea kubeba. Hapo Arege ana jambo ambalo Gogol hana. Katika mji wa Gogol, wafanyabiashara na mjane aliyechapwa viboko wanapeleka malalamiko yao kwa Khlestakov, yaani kwa mkaguzi bandia, na malalamiko yanaishia hapo. Wafanyakazi wa Cheneo hawangoji mkaguzi.

Kwa hiyo inashangaza kwamba, baada ya kuujenga mgomo kwa uangalifu huo, tamthilia inamkabidhi meya kwa askari. Sosi na washirika wake wanatiwa mbaroni. Uhakiki wa darasani huridhika haraka hapa: methali ya mbio za sakafuni huandikwa, dhamira ya haki hutajwa, na mwanafunzi hupata alama zake. Lakini swali la utendaji linabaki. Pingu hizi zimetoka wapi? Askari ni chombo kile kile ambacho meya wa aina ya Sosi hukitegemea dhidi ya wanaogoma. Kama kimegeuka, nani amekigeuza, na kwa amri ya nani? Jukwaani, mtazamaji anayemwona askari akiingia hupumua. Pumzi hiyo inaondoa mzigo ambao mgomo ulikuwa umeupandisha kidogo kidogo mabegani mwake tangu mwanzo. Ni pumzi ile ile aliyoivuta Nikolai wa Kwanza.

Kuwapo kwa Siki kunaongeza ugumu. Tashtiti yenye mhusika mwema humpa mtazamaji mahali pa kukaa. Anayetazama Mstahiki Meya huketi upande wa daktari tangu dakika za kwanza na kumcheka Sosi kutoka huko, kwa usalama. Katika tamthilia ya Gogol hakuna kiti cha namna hiyo. Mwandishi alidai kwamba mhusika pekee mwaminifu katika tamthilia yake ni kicheko chenyewe. Hili halimaanishi kwamba Arege alikosea. Tamthilia isiyo na Siki ingewanyima wafanyakazi wa Cheneo ulimi. Linamaanisha kwamba mwongozaji wa Mstahiki Meya ana kazi ngumu zaidi ya kuuzuia ukumbi usijitakase, na kazi hiyo haimo katika maelekezo yaliyoandikwa.

Jina la cheo linaweza kumsaidia. "Mstahiki" ni neno la itifaki ambalo halikubuniwa na mtunzi. Mameya huitwa hivyo rasmi, na nchini Tanzania bado wanaitwa hivyo. Kinaya chake hakihitaji kusisitizwa kwa sauti. Waigizaji wengi hulitamka kwa kuvuta midomo ili hadhira ijue kwamba wanakejeli, na kwa kufanya hivyo wanamwonesha Sosi kuwa hakustahili tangu awali, kana kwamba mji mzima ulilijua hilo na haukuhusika. Neno likitamkwa kwa heshima kamili, na watu wote wa jukwaani, hadi dakika ya mwisho, aibu inahamia kwa wanaolitamka. Meya wa baraza la Kenya ya wakati ule hakujiweka mwenyewe. Alichaguliwa na madiwani wenzake. Madiwani wanaomsifu Sosi ndio waliomfanya awe mstahiki.

Hapa historia imeiwekea tamthilia mtego. Katiba ya mwaka 2010 ilileta serikali za kaunti, na kufikia uchaguzi wa mwaka 2013 cheo cha meya kilikuwa kimeondoka katika siasa za Kenya, kikifuatwa na cha gavana. Hivyo kizazi cha wanafunzi kilichoisoma Mstahiki Meya katika miaka iliyofuata kilimcheka kiongozi wa ofisi ambayo haikuwapo tena. Kwa baadhi ya waongozaji, dawa ni kumvisha Sosi maleba ya gavana. Dawa hiyo ni nyepesi mno. Inamwambia mtazamaji nani wa kumcheka leo, na kesho itahitaji kubadilishwa tena. Afadhali cheo kibaki kilivyo, ili mtazamaji mwenyewe atambue kwamba ofisi imefutwa na tabia yake imehamia jengo jingine.

Kinachobaki ni tukio la mwisho, na hapo Arege ametoa kifaa ambacho waongozaji hawajakitumia vya kutosha: fimbo ya meya. Fimbo hiyo inapita katika tamthilia kama alama ya mamlaka na wakati huo huo kama mali ya kuibwa, kwa kuwa Bili na wenzake wanapanga kuiiba iuzwe. Onyesho likimaliza kwa kumfuata Sosi anavyoburutwa, macho ya ukumbi yanatoka naye mlangoni, na jukwaa linakufa. Matini haimzuii mwongozaji kufanya kinyume chake: askari wamtoe meya upesi, karibu bila kelele, na taa zibaki zikiwaka juu ya kiti kitupu na meza yake, huku madiwani ambao hawajatajwa katika hati ya kukamatwa wakiwa wamesimama walipokuwa, wakitazamana, wakiipima fimbo kwa macho. Wanyamaze kwa dakika moja na nusu.