Swichi ya Sumaku kwenye Mlango wa Kuteleza: Ikae Wapi?

Mlango wa kuteleza wa alumini na kioo umeshakuwa wa kawaida kwenye nyumba mpya za Dar es Salaam na Mombasa, maana unaingiza upepo na mwanga bila kula nafasi ya sebule. Hauna bawaba. Ubawa wake unakaa juu ya magurudumu ndani ya reli, na juu yake huachwa uwazi ili fundi aweze kuuinua wakati wa kuupachika. Uwazi huohuo ndio anaoutumia mwizi: anauinua ubawa, unatoka relini, komeo linaachia lenyewe. Ndiyo sababu katika kazi ninayoichambua hapa, nyumba moja ya Kigamboni, fundi hakuanza na umeme. Alibadilisha kwanza magurudumu yaliyolika, kisha akaujaza ule uwazi kwa vipande vya plastiki ngumu. Naunga mkono mpangilio huo kwa dhati. Kihisi kinatoa habari tu. Cha kuuzuia mlango ni komeo na reli.

Kihisi chenyewe si kigeni. Swichi ya sumaku ilibuniwa na Walter Ellwood kwenye maabara za simu za Bell, Marekani, mwaka 1936. Ni vibati viwili vyembamba vya nikeli na chuma ndani ya kijibomba cha kioo kilichozibwa. Sumaku ikikaribia vinagusana, ikienda mbali vinaachana. Swichi hufungwa kwenye fremu na sumaku kwenye ubawa. Alumini haivuti sumaku, hivyo kwa mlango wa aina hii swichi ya kawaida inatosha, tofauti na mlango wa chuma, ambao hudhoofisha nguvu ya sumaku.

Kazi kubwa ni kuchagua mahali. Mafundi wengi huiweka juu, kwenye fremu ya mlalo, kwa kuwa waya unafichika nyuma ya pazia. Lakini hapo sumaku hupita sambamba na swichi, na mwendo huo una hila yake: inaweza kuifunga swichi, ikaiachia, kisha ikaifunga tena ikiwa imeshasogea pembeni. Maana yake mlango ulioanza kufunguliwa unaweza kusomeka kama umefungwa. Fundi wa Kigamboni aliiweka kwenye mwimo, pale ubawa unapofikia mwisho, karibu na komeo. Hapo sumaku inaijia swichi uso kwa uso, na mpaka wa kufunga na kuachia unakuwa mmoja tu. Mlango usipofika mwisho kabisa, kengele ya wizi inakataa kutegwa, na mwenye nyumba anajua kabla hajalala.

Usiku wa pwani una joto, watu wanataka upepo. Kengele isiyoruhusu mlango kuachwa wazi kidogo itazimwa na wenye nyumba wenyewe ndani ya wiki. Kwa hiyo iliongezwa swichi ya pili na sumaku yake, mahali ubawa unaposimama ukiwa umeachwa wazi kwa upana wa kiganja, na pini ya chuma ya kuuzuia usiende zaidi. Swichi hizo mbili ziliungwa sambamba: mojawapo ikiwa imefungwa, saketi imetimia. Mlango ukisogezwa kutoka mojawapo ya nafasi hizo wakati kengele imetegwa, saketi inakatika na king'ora kinalia. Hii ndiyo sehemu ya kazi hii ninayotamani ingeigwa katika kila nyumba.

Kwenye waya kuna kosa la kizembe linalorudiwa mno. Saketi ya kawaida hugundua waya uliokatwa, lakini mtu akiziunganisha nyaya mbili, paneli ya kengele inaamini mlango umefungwa. Dawa yake ni rezista inayowekwa mwisho wa mstari, kwenye swichi yenyewe, ili paneli ipime ukinzani badala ya kuangalia tu kama umeme unapita. Wengine huiacha ndani ya boksi la paneli kwa kukwepa usumbufu. Ikikaa hapo haisaidii kitu.

Kisha kuna kioo. Kikivunjwa bila ubawa kusogea, swichi ya sumaku inakaa kimya. Hapo kinahitajika kihisi cha sauti ya kioo, ambacho husikiliza kwanza mshindo mzito, kisha mlio mkali wa vipande. Kihisi cha joto la mwili nacho hakioni kupitia kioo, kwa sababu kioo huzuia mawimbi hayo ya joto. Kwa hiyo kiliwekwa ndani, kikitazama nyuma ya mlango kwa ukanda mwembamba, mbali na pazia linalopepea. Mijusi ilihitaji tahadhari ya pekee: mmoja akitambaa juu ya lenzi huonekana mkubwa kama mtu, hivyo matundu ya waya nyuma ya kifaa yalizibwa kwa silikoni.

Kabla ya kukabidhi, fundi alikata umeme wa nyumba, paneli ikabaki kwenye betri yake ya volti 12. Kisha akajaribu kuuinua ubawa kwa nyenzo kutoka nje, komeo likiwa halijafungwa. Haukutoka.