Mashini ya maji inapimwa ku maji ya nani?



Mwezi uliopita, kamati ya wazazi wa shule moja karibu na Goma iliniletea karatasi ya mashini ya maji. «Wewe ulisoma, tuambie: tununue ao tuache?» Pale shuleni watoto wengi wana meno yenye madoa ya kahawia. Nyiragongo inatoaka gesi yenye fluori, mvua inaishusha, na sisi tunakinga mvua ile mu sitene na kuinywa. Swali lao halikuwa la mchezo, na feza yenyewe ilikuwa michango ya wazazi.

Karatasi ilijivunia kitu kimoja: mashini ya osmozi inversi, iliyopimwa kwa kanuni ya Marekani inayoitwa NSF/ANSI 58. Nikaenda kusoma namna kanuni ile inavyopanga mashini hizi ku mafungu.

Nianze na sifa. Kanuni inatenganisha mashini yenye tanki na ile isiyo na tanki, na ni haki. Tanki ikianza kujaa, inasukuma nyuma, membrani inakosa nguvu, na maji mengi zaidi yanaenda ku mufereji. Njo maana kuna namba mbili. Moja inaonyesha sehemu ya maji unayopata membrani ikifanya kazi bila tanki. Ingine, sehemu unayopata ku matumizi ya kila siku, tanki ikiwemo. Muuzaji akikuonyesha ile ya kwanza peke yake, muulize ya pili.

Lakini mafungu yale yanatazama umbo la mashini, hayatazami maji yanayoingia. Kipimo cha msingi kinatumia maji yenye chumvi miligramu 750 kwa litre, joto digri 25, nguvu ya bar 3.4 hivi. Mashini ikitoa angalau 75 % ya chumvi, imepita. Maji yetu ya mvua hayana chumvi ya vile. Shida yake ni fluori. Na kipimo cha fluori ni cha hiari: mtengenezaji akitaka, anapimisha maji ya miligramu 8 kwa litre, yatoke yasizidi 1.5. Asipotaka, basi. Karatasi ya wazazi haikutaja fluori hata mara moja.

Tena, bar 3.4 tutaitoa wapi? Sitene ikiwa mita 5 juu ya robineti, inatoa nusu bar tu. Nguvu ikishuka, si kwamba maji yanakuja polepole tu. Chumvi inayopenya membrani haipungui sawa na maji. Basi yale machache yanayotoka yanabeba chumvi nyingi zaidi kwa kila litre. Bila pampu na umeme wa kuaminika, ile 75 % inabakia ku karatasi.

Najua mutanijibu: kipimo lazima kiwe kimoja, bila hivyo huwezi kulinganisha. Sawa. Lakini sisi ba agronomi hatumpi mkulima aina mpya ya mahindi sababu tu ilizaa vizuri ku stasheni moja. Tunaipanda ku maeneo mengi, misimu kadhaa, ndipo tunasema inafaa wapi. Mashini ya maji nayo ibaki na kipimo kimoja cha kulinganisha, halafu ipangwe pia kwa nguvu ya maji: hii inafanya kazi chini ya bar 2, ile bila pampu usiiguse.

Wazazi niliwajibu: musinunue bado. Mupeleke kwanza maji ya sitene ku laboratware, mujue fluori ni ngapi. Muombe muuzaji karatasi ya kipimo cha fluori, na aseme pampu ni bei gani. Mpaka leo muuzaji hajajibu, na watoto wanakunywa paka maji yale yale.

Wewe uliyesoma kemia ao umeme, ungewaambia nini?