Ufundi wa Poly Styrene

Miongoni mwa albamu za kwanza za bendi za panki za Uingereza, yaani roki ya kasi yenye nyimbo fupi na magitaa yasiyo na madoido, Germfree Adolescents ya X-Ray Spex, iliyotoka Novemba 1978, ndiyo inayostahili zaidi sikio la Afrika Mashariki. Mtunzi na mwimbaji wake, Marianne Elliott-Said, alikuwa binti wa baba Msomali na mama Mzungu, na jina lake la jukwaani, Poly Styrene, lilitokana na polisterini, plastiki nyepesi ya kutengenezea vikombe vinavyotumika mara moja na kutupwa. Aliwahi kuuza nguo kibandani katika Beaufort Market, London, na jicho hilo la mchuuzi, linalozijua bidhaa kwa rangi na kwa mguso, ndilo msingi wa utunzi wake.

Msikilizaji wa Burnt Forest, mji wa soko ulio kando ya barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret, atapata pa kuingilia katika wimbo Plastic Bag, ambamo akili iliyoshindiliwa matangazo ya biashara inafananishwa na mfuko wa plastiki. Kenya iliipiga marufuku mifuko hiyo tarehe 28 Agosti 2017, karibu miaka 40 baada ya albamu kutoka, na yeyote aliyewahi kuiona ikipepea kwenye seng'enge za mashamba ya viazi ataelewa upesi kilichomkera mtunzi. Hata hivyo, Poly Styrene hakemei tu. Katika The Day the World Turned Day-Glo anasawiri ulimwengu ambao hata miti yake imefumwa kwa nyuzi za kiwandani, na anaustaajabia kwa furaha ileile anayoutilia nayo shaka; kuzishika hisia hizo mbili katika wimbo mmoja wa dakika chache ni kazi ngumu mno, na wengi wa rika lake waliishia kwenye hasira peke yake.

Ufundi huo unafikia kilele katika wimbo uliobeba jina la albamu, ambao mwendo wake ni wa polepole na sauti, inayopasua kwingineko, humu imelainishwa, kwa maana ni wimbo wa mapenzi ya vijana wanaoogopa vijidudu, msichana akisugua meno tena na tena na uzuri wa mpenzi ukipimwa kwa harufu ya dawa. Saksafoni nayo, ala adimu katika panki, iliyoingizwa na Lora Logic akiwa bado msichana wa shule kisha ikapigwa albamuni na Rudi Thomson, huandamana na sauti ya mwimbaji kama mwitikiaji asiyesubiri zamu yake, hata ikawa vigumu kuwazia nyimbo hizi bila ala hiyo. Bendi ilivunjika mwaka 1979, ikiwa na albamu hiyo moja tu.