Sifa za Anayenakili kwa Kusoma

Mchapaji makini katika steshenari za Bariadi, mkoani Simiyu, hutambulika pale anapohamisha aya kutoka waraka mmoja kwenda mwingine. Maneno hayahami peke yake. Huja na fonti, nafasi za mistari na namba za vipengele vya kule yalikotoka. Katika Word, mpangilio wa aya hukaa kwenye alama ndogo ya mwisho wa aya, ambayo kwa kawaida haionekani. Anayeijua huidhihirisha kwanza, akaamua kuichukua au kuiacha. Akihitaji maneno tu, hubandika maandishi matupu, kisha huyapa mpangilio wa waraka mpya. Halafu hufuatilia namba, ili panapotajwa kifungu cha 3 pasielekeze penginepo. Kazi hiyo mteja haioni wala hailipii, nayo ndiyo yenye ustadi wote.

Ustadi huo unafifia. Mkataba wa mauziano ya shamba hutolewa kwenye faili la mteja wa jana, majina yakabadilishwa, ukachapwa. Simiyu ina sababu ya kuogopa uzembe huu. Mkoa ulianzishwa mwaka 2012, sehemu kubwa ikimegwa kutoka Shinyanga. Wilaya ya Itilima ilitoka Bariadi, na ya Busega ikatoka Magu, mkoani Mwanza. Waraka wa zamani ukinakiliwa bila kusomwa, shamba la Busega hurudishwa Mwanza kwa maandishi. Kibaya zaidi, jirani wa shamba la mtu mwingine huweza kusalia kwenye mipaka ya shamba hili, chini yake zikatiwa sahihi.

Wapo watakaosema kunakili kulibuniwa ili kupunguza adha, na kwamba kiolezo hulinda lugha ya sheria. Ni kweli. Larry Tesler na Tim Mott, waliobuni utaratibu huu wa kukata na kubandika huko Xerox katika miaka ya 1970, walitaka kumrahisishia mhariri kazi. Mkulima wa pamba aliyetoka Meatu naye hana siku nzima ya kungoja. Lakini muda uliookolewa kwenye kuchapa ulistahili kutumika kusoma. Aliyenakili kwa taipureta alipitia kila neno, atake asitake. Leo usomaji umeachiwa dhamiri. Tumewafundisha vijana kubonyeza vitufe, tukaacha kuwafundisha kusoma wanachobandika. Gharama ya kosa hilo haimwangukii mchapaji, bali mwenye shamba atakayesimama barazani kutetea mpaka ambao karatasi yake mwenyewe inaukana.