Sangara wa Sentimita 50 Ukutani

Msomaji, tuambiane ukweli: mara ya mwisho ulisoma bango la utafiti kuanzia juu hadi chini ilikuwa lini? Mimi sikumbuki, na mabango ni sehemu ya kazi yangu.

Juzijuzi nilipita kwenye ukumbi wa chuo kimoja hapa Mwanza, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakionyesha miradi yao. Kila mradi ulikuwa na bango, na mingine ilikuwa na tovuti. Nilizunguka karibu saa mbili. Nitakuwa mkali kidogo hapa chini, ila ujue kwamba mengi ninayoyalaumu nimeyafanya mwenyewe.

Tuanze na yanayojirudia. Mabango mengi ni ripoti iliyobandikwa ukutani: utangulizi, malengo, mbinu, matokeo, vyote kwa herufi ndogo za kusomwa ukiwa umekaa, wakati msomaji amesimama mita mbili nyuma. Nembo ya chuo imevutwa pembeni mpaka duara limekuwa yai. Kuna maandishi ya njano juu ya karatasi nyeupe. Kuna chati ya duara iliyolazwa kama chapati, ambapo kipande cha mbele kinaonekana kikubwa kuliko kilivyo. Hili la mwisho si suala la urembo. Namba inasema hivi, jicho linaambiwa vile. Hapo umepotosha matokeo yako mwenyewe bila kukusudia.

Na usiseme ni kukosa vifaa. Hawa vijana Canva wanaijua kuliko walimu wao.

Sasa nije kwenye bango lililonisimamisha. Mwanafunzi mmoja alifanya mradi kuhusu sangara wachanga. Kanuni za uvuvi zinakataza kuvua sangara wa chini ya sentimita 50, ili wachanga wapate muda wa kukua. Wenzake wangeandika hiyo namba tu. Yeye alichora sangara mwenye urefu wa sentimita 50 kamili, kwa ukubwa wake halisi, akamlaza katikati ya bango. Karatasi ya A1 ina sentimita 59.4 kwa 84.1, kwa hiyo samaki alienea na nafasi ikabaki. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja wenye alama kama rula. Basi. Huhitaji kusoma kitu. Unamchukua samaki wako, unamlaza pale, umepata jibu.

Hiyo ndiyo kazi ya usanifu: wazo lenyewe limegeuka kitu cha kutumia. Ningempa alama zote, lakini nikasogea karibu. Maelezo yote yalikuwa kwa Kiingereza. Kwenye kona kulikuwa na msimbo wa QR. Nikauelekezea simu, nikasubiri, nikasubiri tena. Ilipofunguka ikaja picha kubwa ya Jiwe la Bismarck wakati wa machweo. Maelezo ya sangara yalikuwa chini kabisa, kwa herufi ambazo ilibidi nizivute kwa vidole viwili. Ule ukurasa ulitengenezwa kwenye laptopu, ukakaguliwa kwenye laptopu, ukapewa alama kwenye laptopu. Mvuvi wa Igombe ana simu yenye kioo kilichopasuka na bando la kuhesabu. Kabla Bismarck hajamaliza kufunguka, yeye ameshaondoka.

Na Bismarck huyo yupo kila mahali! Hata tovuti ya mradi wa kukausha dagaa kwenye chanja ilianza na lile jiwe. Dagaa hakuonekana mpaka ukurasa wa tatu.

Niliahidi kujitaja. Kwenye utafiti wangu wa uzamili nilitengeneza ramani ya kina cha maji katika Ghuba ya Mwanza, nikatumia rangi zote za upinde wa mvua, nyekundu ikiwa ni kina kirefu. Nilijiona mtaalamu. Siku moja nikamwonyesha mzee mmoja mvuvi. Akaitazama, akaniuliza, "Mwanangu, hapa pekundu ndipo pa hatari? Mbona ndipo tunapotega?" Sikuwa na jibu la maana. Nyekundu ilikuwa pale kwa sababu programu ndiyo iliichagua, si mimi. Mwaka 2020 Fabio Crameri na wenzake walichapisha makala katika jarida la Nature Communications wakieleza tatizo hilihili: upinde wa mvua huweka mipaka mikali mahali ambapo data haina mpaka, na asiyetofautisha nyekundu na kijani hubaki gizani. Mzee wangu aliliona bila kusoma jarida.

Suluhisho halihitaji fedha. Mwaka 2019 Mike Morrison, akiwa bado mwanafunzi wa uzamivu huko Marekani, alitoa video akipendekeza bango lenye sentensi moja kubwa katikati, kwa lugha nyepesi, ikisema ulichogundua. Mengine yanakaa pembeni. Wapo wanaolalamika kwamba mtindo huo unaacha nafasi tupu nyingi na kurahisisha mno. Sawa, ila jaribu kwanza kuiandika hiyo sentensi kwa Kiswahili. Ikikushinda, huenda tatizo haliko kwenye bango.

Lawama nyingine ni yetu sisi tunaosahihisha. Tunatoa alama za "mwonekano" tukiwa tumekaa ukumbini, halafu tunashangaa wanafunzi wakitutengenezea vitu vya kupendeza ukumbini. Kama mradi unasema walengwa ni wavuvi, walengwa waulizwe. Chapisha nakala ndogo ya A4 pale steshenari, ipeleke Mwaloni Kirumba, mwombe mtu mmoja akwambie imesema nini. Usimsaidie. Akikosea, rudi ukarekebishe kabla hujalipia karatasi kubwa.

Yule dada wa sangara nilimwambia yote haya, pamoja na pongezi. Akacheka, akasema, "Kaka, bango lenyewe likitoka hapa linaenda stoo." Hilo ndilo lililoniuma kuliko herufi ndogo zote. Lile bango mahali pake ni mwaloni, pembeni ya mizani.