Damu Iliyotangulia Kiharusi: Jinsi Homoni ya DHEAS Ilivyopimwa kwa Wauguzi wa Marekani

Kiharusi cha kuziba kwa mshipa wa damu wa ubongo, ambacho hutokea kwa wingi kuliko kile cha kupasuka kwa mshipa, huvuruga homoni za mgonjwa ndani ya muda mfupi, kwani mwili uliopatwa na dhiki humwaga kotisoli kwa wingi. Kwa hiyo daktari anayepima homoni za mtu aliyekwisha kulazwa wodini hawezi kutambua kama kiwango anachokiona kilitangulia ugonjwa au kililetwa nao. Anayetaka kujua iwapo homoni fulani ni kiashiria cha hatari, yaani kipimo kinachodokeza mapema nani yuko karibu zaidi na maradhi, hana budi kuwa na damu iliyotolewa mtu huyo alipokuwa bado mzima.

Damu ya namna hiyo ilikuwepo Boston. Utafiti wa Afya ya Wauguzi, ulioanza mwaka 1976 kwa kuandikisha wauguzi wanawake 121,700, uliwaomba washiriki wake damu mwaka 1989 na 1990, na zaidi ya 32,000 wakaitikia. Sampuli zilisafirishwa zikiwa zimepozwa, kisha zikahifadhiwa kwa naitrojeni ya kimiminika. Uamuzi huo wa kutunza damu kabla ya kujulikana itajibu swali gani unastahili heshima kubwa kuliko mashine yoyote iliyotumika baadaye.

Homoni iliyochunguzwa katika damu hiyo, kwenye makala iliyochapishwa mwaka 2013, ni DHEAS, inayotengenezwa na tezi za adrenali zilizo juu ya figo, na ambayo mwili huitumia kama malighafi ya estrojeni na testosteroni. Tofauti na kotisoli, ambayo hupanda asubuhi na kushuka usiku, DHEAS haiyumbi sana katika siku moja, hivyo sampuli moja tu huweza kuwakilisha hali ya kawaida ya mtu.

Badala ya kupima sampuli zote, jambo ambalo lingegharimu fedha nyingi na kumaliza akiba isiyoweza kurejeshwa, watafiti waliwasubiri wanawake wapate au wasipate kiharusi, wakawachukua 461 waliougua, na kila mmoja akalinganishwa na mwenzake ambaye hakuugua. Jozi hizo zilifanana kwa umri, hali ya kukoma hedhi, matumizi ya dawa za homoni na uvutaji wa sigara. Ulinganifu wa umri ulikuwa na uzito wa pekee, kwa sababu DHEAS hufikia kilele ujanani na kushuka mno uzeeni, wakati uleule ambapo kiharusi huongezeka. Bila tahadhari hiyo, utafiti ungekuwa unapima uzee na kuupa jina la homoni.

Wanawake wenye viwango vya chini kabisa walikuwa na hatari ya kiharusi iliyozidi ya wenzao kwa takriban asilimia 41, na baada ya hesabu kuzingatia uzito, kisukari na visababishi vingine vinavyojulikana, ziada hiyo ikashuka hadi karibu asilimia 30. Mshuko huo unaeleza mengi: sehemu ya uhusiano ilikuwa imebebwa na maradhi mengine, na haiwezekani kuondoa kabisa uwezekano kwamba DHEAS ndogo ni dalili tu ya mwili uliodhoofika.

Ndiyo maana ni kosa la hatari kuruka kutoka kiashiria hadi tiba, hasa Marekani, ambako vidonge vya DHEA, umbo jingine la homoni hiyohiyo, huuzwa bila cheti cha daktari. Estrojeni ni onyo tosha: hupungua baada ya hedhi kukoma, wakati ambapo kiharusi huongezeka, lakini jaribio la Women's Health Initiative lililowapa wanawake 10,739 waliotolewa kizazi ama estrojeni ama kidonge kisicho na dawa lilisitishwa mwaka 2004 kwa kuwa estrojeni iliongeza viharusi.

Hata kama kiashiria tu, DHEAS ina mtihani mgumu zaidi wa kupita. Ziada ya karibu asilimia 30 huweza kuonekana katika kundi kubwa, lakini viwango vya waliougua na vya wasiougua huingiliana kiasi kwamba namba ya mtu mmoja humwambia daktari machache, ilhali kipimo cha shinikizo la damu, kinachochukua dakika chache mkononi, humwambia mengi zaidi na kumpa jambo la kutibu.