Mshauri huru wa TEHAMA aanzie kwenye daftari la karo

Vijana wengi wanaohitimu masomo ya kompyuta hujitangaza kwa orodha ndefu: tovuti, programu za simu, mitandao, usalama wa mifumo, hata kutengeneza kompyuta zilizoharibika. Orodha hiyo haimvuti mteja. Mwenye shule au duka la jumla hamtafuti mtu wa kompyuta. Anamtafuta wa kumwondolea jambo linalomla fedha kila mwezi. Hapa Kenya jambo hilo mara nyingi ni malipo ya M-Pesa yasiyoingia vitabuni ipasavyo, na kwa maoni yangu hakuna mlango bora wa kuanzia kazi ya ushauri wa kujitegemea.

M-Pesa, huduma ya Safaricom ya kutuma na kupokea pesa kwa simu, ilianza mwaka 2007. Mlango wenyewe ulifunguka hasa mwaka 2017, Safaricom ilipozindua Daraja, jukwaa la kuunganisha mifumo mingine na M-Pesa. Tangu hapo mtaalamu mmoja mwenye tarakilishi anaweza kujisajili, kujaribu kila kitu katika mazingira ya majaribio bila kugusa pesa halisi, kisha kuunganisha mfumo wa mteja na Paybill yake, yaani namba anayopokelea malipo ya M-Pesa.

Tazama shule ya bweni wiki ya kufungua muhula. Mzazi analipa karo kwa Paybill, na kwenye nafasi ya akaunti anatakiwa aandike namba ya usajili ya mwanawe. Mmoja anaandika jina la mtoto, mwingine namba ya kaka mtu aliyekwisha kumaliza, mwingine anaandika "karo" basi. Mhasibu anapakua taarifa ya malipo na kuilinganisha na daftari mstari kwa mstari, huku mtoto akizuiwa langoni ilhali pesa za mzazi wake zimeshafika.

Daraja lina dawa ya hali hii, nayo ni anwani mbili kwenye seva ya mteja: ya uhakiki na ya uthibitisho. Kwenye uhakiki, M-Pesa huuliza mfumo wa shule kabla ya kupokea pesa kama namba ile ipo. Isipokuwepo, malipo yanakataliwa na mzazi anarudia papo hapo. Ila uhakiki hauwaki wenyewe. Lazima Safaricom iombwe iuwashe kwa Paybill husika. Anayeanza kazi asipolijua hilo atakesha akitafuta kosa ndani ya msimbo usio na kosa.

Kisha kuna swali ambalo msimbo hauwezi kulijibu. Seva ya shule ikizimika, malipo yapokewe au yafutwe? Daraja linataka uchague mapema, na mwenye kuchagua ni shule, mtaalamu akieleza faida na hasara. Hapo ndipo ushauri unapotengana na ufundi. Kwa shule mimi ningesema yapokewe, kwa kuwa mzazi aliye mbali hana muda wa kujaribu tena usiku, na yale yasiyo na mwenyewe yaingie kwenye orodha ambayo mhasibu ataisafisha kila asubuhi. Dukani, ambako mnunuzi amesimama mbele ya muuzaji, jibu laweza kuwa tofauti kabisa.

Ujumbe wa malipo unaokuja kwenye anwani ya uthibitisho waweza kufika mara mbili, kwa hiyo namba ya risiti ya M-Pesa iwe ya kipekee kwenye hifadhidata. Bila hivyo mwanafunzi mmoja atasomeka kalipa karo maradufu. Wala usijenge ulinganishaji juu ya namba ya simu ya mlipaji, maana siku hizi hufika kwenye mfumo ikiwa imefichwa.

Nasisitiza hili kuliko yote: akaunti ya Daraja, seva na funguo zote za siri ziandikishwe kwa jina la mteja tangu siku ya kwanza. Wapo wanaozishikilia ili mteja asiweze kuwaacha. Huo ni utekaji, na habari zake husambaa upesi miongoni mwa walimu wakuu, ambao ndio watakaokupa au kukunyima kazi ya pili.

Upande wa makaratasi, sheria imebana. Kuanzia Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato (KRA), haikubaliki katika hesabu za kodi za mfanyabiashara, isipokuwa chache zilizosamehewa. Maana yake mshauri asiyejisajili eTIMS anaweza kumtia hasara mteja wake, hata bei yake ikiwa nafuu. Tena ada ya ushauri ya shilingi 24,000 au zaidi kwa mwezi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5: ukitoza 100,000 utapokea 95,000, na zile 5,000 zitapelekwa KRA kwa PIN yako ya kodi. Hazijapotea. Hakikisha cheti chake kimo kwenye iTax, tovuti ya kodi ya KRA, uzidai unapowasilisha marejesho ya mwaka.

Bei nayo ifuate matokeo. Dai sehemu kabla ya kuanza, na sehemu ya mwisho malipo ya wiki nzima yanapoingia daftarini bila mhasibu kuyagusa. Andika sharti hilo kwenye mkataba kwa maneno ambayo mwalimu mkuu ataelewa, kisha weka ada ndogo ya kila muhula kwa matengenezo.

Wewe unayetaka kuanza, nenda shule iliyo karibu nawe kabla muhula haujafunguliwa, umwombe mhasibu akueleze anavyolinganisha malipo. Msikilize hadi amalize, ndipo umtajie bei.